Mjomba yuko motoni? Kuzimu, jehanum na neno "milele"

SWALI: Tumsifu Yesu Kristu, Padre. Mjomba wangu alikuwa mvuvi wa Sahare, hapa Tanga. Alibatizwa utotoni, lakini miaka kama 20 hakukanyaga kanisani, na mwezi uliopita amefariki ghafla. Kwenye matanga mhubiri mmoja alisoma habari za tajiri na Lazaro, akasema mjomba sasa hivi anaungua jehanum. Jirani yangu Msabato ananituliza: wafu wamelala, na waovu watateketea siku ya mwisho wawe majivu, yaishe. Mama halali usiku. Kanisa linafundisha nini? Moto huo una mwisho?
Mama wa jumuiya, Ngamiani

JIBU: Milele, amina. Pole sana, mama, na umpe pole mama mzazi.

Tuanze na somo lile lile la matanga. Fungua Luka 16:23 katika Biblia ya Union: tajiri yuko "kuzimu", si jehanum. Sisi Waswahili tumebahatika kuwa na maneno mawili, na ni hasara kuyachanganya. Kuzimu ni neno letu la Kibantu, ndugu wa mzimu na mizimu, yaani kule waliko waliokufa. Watafsiri walilitumia kwa sheoli ya Kiebrania na hade ya Kigiriki, mahali pa wafu wote, wema kwa wabaya. Yakobo alisema atashuka huko akimlilia Yusufu (Mwanzo 37:35), naye hakuwa mwovu. Nasi katika Kanuni ya Imani ya Mitume tunakiri kwamba Kristu mwenyewe alishukia kuzimu.

Jehanum limetufikia kwa njia ya Kiarabu, lakini mzizi wake ni Ge-Hinomu, bonde lililo kusini mwa Yerusalemu. Huko wafalme Ahazi na Manase waliwapitisha watoto wao motoni (2 Nyakati 28:3, 33:6). Mfalme Yosia akapanajisi mahali pale, na Yeremia akatangaza kwamba bonde hilo litaitwa la machinjo. Huenda umesikia pia kwamba palikuwa jalala la mji lililowaka usiku na mchana. Biblia haisemi hivyo. Maelezo hayo tunayapata kwa rabi David Kimhi, mnamo mwaka 1200 baada ya Kristu. Mimi naona yanapunguza uzito wa jina, kwa sababu kilichowatisha wasikilizaji wa Yesu ni damu ya wale watoto. Katika Agano Jipya neno hili linatokea mara 12, na mara 11 linatoka kinywani mwa Yesu. Kwa hiyo anayesema jehanum ilibuniwa na mapadre ili kutisha watu hajasoma Injili.

Ukitaka kuthibitisha kwamba mambo haya ni mawili, soma Ufunuo 20:14: mauti na kuzimu vinatupwa ndani ya ziwa la moto. Kitu hakitupwi ndani ya chenyewe.

Hata hivyo usiitumie tofauti hiyo kujifariji isivyo. Tajiri yule anateseka kabla ya siku ya mwisho, wakati ndugu zake watano bado wako hai. Papa Benedikto XII alifafanua mwaka 1336 kwamba anayekufa katika dhambi ya mauti huingia adhabuni mara baada ya kufa. Hapo ndipo tunapoachana na jirani yako kuhusu wafu kulala.

Na mwisho wa moto? Hoja ya jirani yako si ya kubezwa. Mathayo 10:28 inasema "kuangamiza mwili na roho", Malaki 4:3 inataja majivu, na Yuda 7 inasema Sodoma iliadhibiwa kwa moto wa milele, ilhali leo hauwaki. Lakini soma Mathayo 25:46, "adhabu ya milele" na "uzima wa milele", neno moja la Kigiriki katika sentensi moja. Ni kweli neno hilo lina upana. Katika Warumi 16:25 linahusu nyakati za zamani sana. Lakini hapa limewekwa pande mbili za mzani mmoja. Agostino alilisisitiza hili tangu karne ya 5: ukiikata milele ya waovu, umeikata na ya watakatifu. Origen wa Alexandria, mwalimu wa Kikristo wa karne ya 3, alitumaini kwamba wote watarejeshwa mwishoni, na fundisho hilo lilikataliwa katika karne ya 6. Walutheri nao, ambao mnao wengi huko Usambara, wanakiri vivyo hivyo katika Ungamo la Augsburg la 1530, tamko la imani yao, kifungu cha 17.

Adhabu yenyewe ni nini? Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 1035 inasema adhabu kuu ni kutengwa na Mungu milele. Yesu anataja moto usiozimika, tena anataja giza la nje. Ukiushika moto kama moto wa kuni, giza litakushinda kulieleza. Ndiyo maana Yohane Paulo II alifundisha tarehe 28 Julai 1999 kwamba picha hizi zisomwe kama picha, nazo zinaonyesha hali ya mtu aliyejitenga na Mungu kwa hiari yake. Namba 1037 inaongeza kwamba Mungu hampangii mtu yeyote tangu awali kwenda huko.

Sasa mjomba. Kuacha Misa ya Dominika miaka 20 ni jambo zito, sitakudanganya. Lakini dhambi ya mauti hutaka mambo matatu kwa pamoja (namba 1857): jambo lenyewe liwe zito, mtu ajue kikamilifu, na aridhie kwa hiari kamili. Hayo mawili ya mwisho mhubiri yule aliyapimia wapi? Kanisa limetangaza watakatifu wengi kwa majina, lakini halijatangaza jina la mtu hata mmoja kwamba yuko motoni, hata Yuda Iskariote.

Basi mwombeeni. Msiifikirie toharani, yaani hali ya kutakaswa baada ya kufa, kama jehanum ndogo. Kila aliye toharani mwisho wake ni mbinguni. Nendeni ofisi ya parokia mtoe nia ya Misa kwa jina lake la ubatizo. Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba, ukizuru makaburi na kuwaombea wafu unaweza kumpatia marehemu rehema kamili, yaani kuondolewa adhabu yote inayobaki baada ya dhambi kusamehewa, mara moja kwa siku. Masharti ni kuungama (siku chache kabla au baada), kukomunika, kusali kwa nia za Baba Mtakatifu, na moyo usioshikamana na dhambi yoyote. Wengi hukwama kwenye hilo la mwisho, wakapata rehema pungufu, nayo mtolee.

Na mama akikosa usingizi, msomee Zaburi ya 130, ambayo Kanisa huwasomea marehemu tangu kale: "Ee Bwana, toka vilindini nimekulilia." Kilindi mjomba alikijua.