Usisubiri viwavi wakue, piga dawa sasa

Mkuu, acha kusubiri! Umeuliza kuhusu viwavi. Unasema mahindi yako hapo Ilula yana wiki tatu, majani yametoka madoa meupe, na muuza dawa kakuambia usubiri wadudu waonekane vizuri ndipo upige mara moja. Maneno hayohayo aliniambia muuzaji wa pembejeo huku Mbalizi, bila hata kuuliza mahindi yana umri gani. Ekari mbili zikabaki mabua yaliyochanika. Hela alichukua, na hadi leo anawashauri watu. Inaniuma sana.

Inua jani moja ulitazame juani. Ukiona ngozi nyembamba inayopitisha mwanga, hao ni viwavijeshi vamizi wachanga, wanakwangua upande mmoja tu wa jani. Huo ndio wakati wa dawa. Kiwavi huyu ana hatua sita, anajivua ngozi kila anapovuka moja, na uharibifu mkubwa anaufanya kwenye hizo za mwisho. Kufikia hapo ameshazama ndani ya moyo wa mhindi, na kinyesi chake kama pumba za mbao kimeziba juu. Dawa inaishia kwenye kizibo. Sisi tulipiga bomba baada ya bomba, asubuhi tukipasua moyo wa mhindi tunamkuta mnene, mzima, na ile Y iliyopinduka kichwani na madoa manne ya mraba karibu na mkia.

Tena ukikuta mmoja tu kwenye mhindi usijipe moyo kwamba ni wachache. Nondo, mzazi wa viwavi hawa, anataga fungu la mayai 100 hadi 200. Wakianguliwa, wengine wanapeperuka kwa nyuzi zao hadi mimea ya jirani, na wakishakua wanakulana. Huyo mnene ndiye aliyebaki. Akishiba anashuka udongoni sentimita chache, anakuwa pupa, yaani anatulia ndani ya ganda akigeuka, kisha anatoka nondo na kuruka usiku kwenda kutaga upya. Baridi yetu ya nyanda za juu inarefusha tu safari hiyo.

Kesho alfajiri pita shamba lote, si kingoni tu. Fungu la mayai lililofunikwa manyoya ya kijivu liponde kwa vidole hapohapo. Jioni jua likipoa piga dawa, mdomo wa bomba uelekee moyoni mwa mhindi. Halafu rudi uniambie umekuta nini.