Muulize Sista: Mpango wangu wa uuguzi umerudishwa na kalamu nyekundu

SWALI: Shikamoo sista. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa pili. Nilipewa mgonjwa mama wa miaka 61, kaja anahema sana, hawezi kulala chali, miguu imevimba, anasema moyo unamwenda mbio na wiki hii kaongezeka kilo 3. Presha 150/95, mapigo 112, pumzi 28 kwa dakika, oksijeni asilimia 89. Nikaandika tatizo ni moyo kushindwa kufanya kazi, lengo mgonjwa apate nafuu, hatua ni kumpa dawa kama daktari alivyoagiza, kumfariji na kuendelea kumwangalia. Mwalimu kaupiga mstari wote, kaandika chini "mgonjwa yuko wapi humu?" Nimekosea wapi jamani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza usijisikie vibaya, maana vipimo umechukua vizuri, uzito umeuliza, hata suala la kulala chali umeliona, yaani mgonjwa uliye naye kwenye swali lako yuko kamili kabisa. Tatizo ni kwamba ulivyofika kwenye karatasi ukamwacha nje. Soma tena ulichoandika halafu jiulize, nikikikata kile kipande nikakibandika kwa mgonjwa wa kitanda cha pili, kitamfaa? Kitamfaa. Sasa ndo hapo mwalimu wako aliposhika kalamu.

"Moyo kushindwa kufanya kazi" ni jina la ugonjwa, hilo daktari keshaliandika na wewe huna haja ya kulirudia. Utambuzi wa kiuguzi unaeleza ugonjwa unamfanya nini huyu mtu na ni kitu ambacho wewe muuguzi unaweza kukishughulikia zamu yako. Unauandika kwa vipande vitatu: tatizo, linatokana na nini, na umelijuaje. Kwa mfano huyo mama: maji kuzidi mwilini, kunatokana na moyo kusukuma damu kwa nguvu ndogo na figo kubakiza chumvi na maji, kunaonekana kwa miguu kuvimba, uzito kupanda kilo 3 kwa wiki na kuhema akilala chali. Umeona sasa, hapo hata nesi ambaye hajawahi kumuona mama huyo anamjua.

Na usikariri tu, elewa kinachoendelea ndani. Upande wa kushoto wa moyo ukichoka damu inarudi nyuma inajazana kwenye mapafu, ndo maana anahema na ukiweka stethoskopu mgongoni, sehemu ya chini ya mapafu, unasikia sauti kama nywele zinasuguliwa karibu na sikio. Upande wa kulia ukichoka inajazana mwilini, miguu inavimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki, mishipa ya shingo inatuna. Figo nazo zikipata damu kidogo zinadhani mwili umekauka, zinashikilia chumvi na maji, kumbe maji yamejaa tele. Akilala chali yale maji ya miguuni yanarudi kifuani, ndo anashtuka usiku anatafuta hewa. Ukishaelewa hilo hatua zako zinakuja zenyewe, huna haja ya kunakili kwa mwenzio.

Sasa kipi kinaanza? Wanafunzi wengi wanaanza na miguu kwa sababu inaonekana. Hapana, hewa kwanza. Oksijeni 89 na pumzi 28 haviwezi kusubiri. Mkalishe, kichwa cha kitanda kiinuliwe nyuzi 45 au zaidi, hata akitaka kukaa kabisa miguu ikining'inia mwache, na usimnyanyulie miguu juu wakati anahema hivyo eti ili uvimbe upungue, utairudisha damu yote kwenye moyo ambao tayari umezidiwa. Oksijeni ikiwa chini ya 90 anahitaji kuongezewa, fuata maagizo ya wodi yako, na muite daktari mapema sio baada ya kumaliza kuandika. Hapo kuna utambuzi wako mwingine wa hewa kutoingia vizuri kwenye damu, na ndo uwe namba moja.

Malengo. "Apate nafuu" halipimiki dada. Andika hivi: ndani ya saa 4 pumzi zitashuka chini ya 24 na oksijeni itakuwa 94 au zaidi (kama ana ugonjwa sugu wa mapafu kiwango kinaweza kuwa chini ya hapo, uliza). Ndani ya saa 24 atakuwa amekojoa zaidi ya alichokunywa na uzito wa asubuhi utakuwa umeshuka. Kabla ya kuruhusiwa atatembea mpaka bafuni na kurudi bila kusimama njiani. Hayo hata nesi wa usiku anaweza kuyakagua bila kukupigia simu.

Hatua nazo hivyohivyo, kila mstari uwe na nani, nini, mara ngapi, na ikiwa mbaya nifanyeje. Badala ya "kuendelea kumwangalia" sema pumzi, mapigo, presha na oksijeni kila baada ya dakika 15 mpaka atulie, halafu kila saa 4. Uzito kila asubuhi saa ileile, mzani uleule, ameshakojoa na hajala. Kinachoingia na kinachotoka kiandikwe chote, mkojo ukishuka chini ya mililita 30 kwa saa kwa saa 2 mfululizo mwambie daktari. Dawa ya kukojoza kama furosemidi, ikiwa ni ya kumeza mara moja kwa siku mpe asubuhi asije akaamka usiku kucha akaanguka njiani kwenda chooni, na fuatilia potasiamu (madini ya kwenye damu yanayotoka na mkojo), ikishuka chini ya 3.5 mmol/L toa taarifa. Kama anatumia na digoksini (dawa ya kuupa moyo nguvu na kupunguza kasi yake) sikiliza moyo wenyewe kwa dakika 1 nzima kabla ya kumpa, mapigo chini ya 60 kwa mtu mzima usimpe kwanza, muulize daktari. Na ujue potasiamu ikishuka digoksini inakuwa sumu kirahisi, akianza kutapika au kusema anaona vitu vya njano usichukulie poa.

Kuhusu kumfariji, hilo ni la kweli na mimi nalipenda, ila andika unamfarijije. Mtu anayekosa hewa anaona anakufa, hofu inapandisha mapigo na moyo unadai oksijeni zaidi ambayo haipo. Kwa hiyo kaa naye, ongea sentensi fupi, maswali yawe ya kujibu ndiyo au hapana, mwambie unachomfanyia kabla ya kukifanya. Hiyo ni hatua kamili ya kiuguzi na inastahili mstari wake.

SWALI: Sista habari za kazi, mimi niko wodini mwaka wa tatu sasa. Mgonjwa akilalamika kifua kinabana, naandika mpango kwanza au?

JIBU: Nzuri kaka. Hapana, mpango unakuwa kichwani, mikono inafanya kazi. Apumzike, vipimo vyote, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ndani ya dakika 10 na daktari aione, huku unamuuliza maumivu yalianza saa ngapi, yanakwenda wapi, toka 0 mpaka 10 ni ngapi. Kabla ya nitrogliserini (dawa ya kutanua mishipa ya damu) angalia namba ya juu ya presha isiwe chini ya 90 na muulize waziwazi kama ametumia dawa za nguvu za kiume siku 2 zilizopita, usione aibu, vikikutana hivyo presha inaweza kuporomoka. Na tafadhali, wanawake, wazee na wenye kisukari wengine hawasemi kifua kinauma, wanasema wamechoka ghafla, kichefuchefu, taya au mgongo. Mimi niliwahi kumuandikia mzee mmoja "tumbo kujaa gesi", na ilikuwa moyo. ECG ikachelewa saa nzima. Alipona, ila toka siku hiyo kichefuchefu cha ghafla kwa mtu mwenye kisukari nakipimia ECG bila kubishana na mtu. Utaandika mpango akishatulia, na saa za kila kitu uwe umeziandika pembeni.

SWALI: Sista mimi sio nesi. Baba alilazwa kwa ugonjwa wa moyo, sasa ameruhusiwa kurudi nyumbani, tumepewa karatasi inasema apimwe uzito kila siku. Kwani anatakiwa apungue?

JIBU: Hapana mpenzi, uzito hapo unapima maji. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo akipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3 hajanenepa, maji yanarudi, na mara nyingi mzani unasema siku kadhaa kabla hajaanza kuhema. Pigia waliomtibu siku hiyohiyo. Chumvi ipungue, dawa asiache hata akijisikia mzima, na akiumwa mgongo msimpe ibuprofeni wala diklofenaki bila kuuliza, zinabakiza maji. Hesabu na mito, kama alikuwa analalia 1 sasa anataka 3, hiyo ni taarifa. Akihema akiwa amekaa tu, au kifua kikabana, au akazimia, hapo msipige simu ya kuuliza, mpelekeni hospitali muda huohuo.