Tumemaliza kampeni yetu ya Barovia: jibu kwa aliyeuliza amalizeje yake

Mkuu, umesema kundi lenu limebakiza vikao vichache kumaliza kampeni (kisa kirefu kinachochezwa kikao baada ya kikao) ya mchezo wa Dungeons & Dragons mliyoicheza kwa miaka, na umeuliza mawili: mwisho uweje ili jasho lote hilo lisipotee, na mkishamaliza mfanye nini. Sisi tumemaliza yetu juzi juzi, Curse of Strahd, na mimi ndiye niliyeiendesha tangu kikao cha kwanza. Nitakujibu kwa yale niliyoyaona mezani petu.

Kwa wasioujua mchezo: mmoja, mwendeshaji, anasimulia dunia na kuwasemea watu wote waliomo, wengine kila mmoja ana mhusika wake, na jambo lenye mashaka linaamuliwa kwa dadu, hasa ile ya pande 20. Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa mwaka 1974. Kisa tulichocheza kina asili ya mwaka 1983, Tracy na Laura Hickman walipoandika Ravenloft. Mwaka 2016 kikapanuliwa kuwa kitabu kizima, Curse of Strahd, kinachowapeleka wahusika kutoka ngazi ya 1 ya uwezo hadi ya 10. Kinahusu Barovia, nchi iliyozingirwa na ukungu usiomruhusu mtu kutoka, na mtawala wake Strahd von Zarovich, mnyonya damu aliyemuua mdogo wake Sergei siku ya harusi kwa kumtamani bibi harusi, Tatyana. Tatyana akajirusha kutoka ngome ya Strahd akafa. Tangu hapo anazaliwa upya kizazi baada ya kizazi, na Strahd anamwandama kila mara. Safari hii anaitwa Ireena Kolyana.

Sasa jibu. Mwisho wa kampeni ndefu haukai kwenye pigano la mwisho. Unakaa kwa wanakijiji.

Tulipokutana kuikumbuka, nilitegemea wachezaji waanze na ngome. Wakaanza na mazishi. Mwanzoni kabisa unawakuta Ireena na kaka yake Ismark wamejifungia ndani na maiti ya baba yao, mkuu wa kijiji, na hakuna jirani anayethubutu kubeba jeneza. Wachezaji wangu wakalibeba mpaka kanisani, ambako padri Donavich amemfungia mwanawe chini ya sakafu, kijana ameshakuwa mnyonya damu na analia njaa. Kikao kile dadu zilirushwa kidogo sana. Binamu yangu, aliyecheza kasisi, aliomba dua ya mazishi kwa maneno yake mwenyewe, na hakuna aliyegusa simu wala soda. Toka siku hiyo Ireena hakuwa tena mtu wa kusindikizwa kwa malipo. Alikuwa mfiwa wao, na kila kilichofuata walikifanya kwa ajili yake.

Wakahamia mji wa Vallaki, ambako Baron Vargas Vallakovich analazimisha sherehe baada ya sherehe akiamini furaha ndiyo itakayomweka Strahd mbali, na anayenuna anaadhibiwa. Walimng'oa kwa shangwe. Kiti chake nikakikabidhi kwa Fiona Wachter, ambaye kwa siri ni mtu wa Strahd, kwa sababu ndiye aliyekuwa amejiandaa kukichukua. Kuna mchezaji aliyekasirika kweli kweli, akadai kundi lirudi mjini hata kama njia ya ngomeni iko wazi. Nikamwacha awashawishi wenzake. Walirudi, na vikao vile nadhani ndivyo vizuri kuliko vyote tulivyowahi kucheza.

Kilichoyawezesha haya ni daftari. La kawaida tu, la mistari. Upande mmoja jina la kila mtu waliyezungumza naye, upande wa pili kile walichomwahidi. Kabla ya kila kikao nilichagua jina moja, nikahakikisha linagonga mlango wao kwa namna yoyote. Kama hujafanya hivyo, bado hujachelewa: waulize wachezaji wako wenyewe, utashangaa wanakumbuka nani.

Adui naye aonekane mapema. Kitabu chenyewe kinamfanya Strahd aandike barua ya kuwaalika chakula cha usiku, na wangu aliwakaribisha kama mwenyeji mwenye adabu, akawauliza habari za safari, akawapa pole kwa misiba huku akiwataja marehemu kwa majina. Hofu iliyokuwa mezani sijawahi kuipata kwa jitu lolote lenye meno.

Na vitu vilivyotabiriwa uvitimize. Bibi Eva, mpiga ramli wa Barovia, anapanga karata tano: tatu zinaonyesha zilipofichwa hazina za kumpigia Strahd, ya nne mshirika wao, ya tano mahali atakapopatikana ngomeni. Ya tano kwetu iliangukia kaburi la Sergei. Miezi ikapita wasielewe uzito wake, hadi waliposoma maandishi ya Strahd mwenyewe kuhusu mdogo wake. Binamu yangu aliweka karatasi mezani akasema, "Kwa hiyo tutamkuta pale alipoanzia." Pigano lenyewe lilikuwa zuri, lakini silielezi, kila kundi litakuwa na lake.

Ninalotaka ulishike ni kikao cha baada ya pigano. Kitabu kinasema Strahd akiangamizwa ukungu unafunguka, lakini baada ya miezi nguvu za giza zinamrudisha. Wapo waendeshaji wanaolificha hilo wasiharibu furaha. Mimi niliwaambia wazi, kisha nikamuuliza kila mchezaji: mhusika wako anafanya nini na miezi hiyo? Tulikaa mpaka usiku wa manane bila dadu hata moja. Mmoja aliondoka na Ireena na Ismark wavuke mpaka kungali wazi. Mwingine akarudi Vallaki kumalizana na Fiona. Kasisi akabaki kijijini kuwafundisha watu kuzika wafu wao bila kusubiri wageni. Ushindi ulikuwa na muda wake, nao wakajua la kuufanyia. Tenga kikao kizima kwa hilo, hata kama itabidi pigano lifupishwe.

Baada ya hapo pumzikeni. Kampeni mpya wiki inayofuata italinganishwa na iliyokufa na itaonekana haina ladha. Sisi tulicheza karata na michezo mifupi kwa muda, na sasa anayeendesha ni binamu yangu. Ni haki yake, na mimi nilikuwa na hamu ya kuwa mchezaji.

Tuwekee hapa majina ya watu ambao wachezaji wako waliwaahidi kitu na hawajakitimiza. Tukiyaona tunaweza kukusaidia kuchagua nani arudi kabla ya pigano na nani asubiri baada yake.