Tafuteni bikoni kwanza

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kuchora mipango ya viwanja vya biashara, Jumatatu ya wiki hii nimeletewa mezani mchoro wa jengo la ghorofa nne, maduka chini na ofisi juu, uliochorwa na vijana wawili tulio nao ofisini. Mistari safi, rangi zimekaa mahali pake, hata miti imechorwa mmoja mmoja. Nikawauliza swali moja tu: huu mpaka wa mbele mmeutoa wapi? Wakaangaliana. Mmoja akasema, "Tumefuata ukuta. Unaonekana vizuri kwenye picha ya setilaiti."

Nilinyamaza kidogo kabla ya kujibu, kwa sababu jibu hilo nililitoa mimi mwenyewe miaka 14 iliyopita, na kuna mzee mmoja aliyelilipia. Vijana hawa nawapenda, wana bidii kuliko tulivyokuwa sisi, lakini nimechoka kuona kila kundi jipya likitumbukia kwenye shimo lile lile. Kwa hiyo nimeamua kuandika haya saba, kuhusu mipaka na maegesho ya magari.

1. Msigawe eneo kwa nafasi.

Hesabu yenyewe mnaijua: nafasi ya gari ni mita 2.5 kwa 5, yaani mita za mraba 12.5, uwazi wa kiwanja ni mita za mraba 600, kwa hiyo magari 48. Nimeiona tena Jumatatu, imeandikwa kwa wino mwekundu na kupigiwa mstari. Jamani, gari halishushwi na winchi kutoka juu. Linaingia kwa magurudumu, linakata kona, linarudi nyuma. Likipaki likiwa limesimama pembe mraba na njia, linataka mita 6 za njia mgongoni mwake. Safu mbili zinazotazamana pamoja na njia yake katikati zinakula upana wa mita 16. Jumlisha geti, kona, na vile vipande vya pembeni visivyomfaa mtu, utakuta kila gari linataka mita za mraba 25 hadi 30. Zile 600 zinabeba magari 20, au 24 kama kiwanja kimenyooka. Kabla hujaandika namba kwenye jedwali, chora kila gari, kisha lipitishe kwa kidole kutoka barabarani hadi kwenye nafasi yake na kulirudisha. Kidole kikikwama, na dereva atakwama.

2. Ukuta si mpaka.

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Nilikuwa na mwaka wa pili kazini. Alikuja mzee mmoja, muuza vipuri vya magari, aliyekuwa ameweka akiba kwa miaka mingi ili ajenge jengo la biashara kwenye kiwanja cha familia, kando ya barabara ya mtaa ambayo wakati ule ilikuwa ya vumbi. Faili lake alilibeba kwenye bahasha ya kaki iliyochakaa kwenye kona: hati, risiti za kodi ya ardhi, ramani ya upimaji. Aliniita mwanangu tangu siku ya kwanza. Kila nikimweleza jambo alikuwa anasema, "Wewe ndiye uliyesoma, mwanangu. Mimi nataka wateja wapate pa kupaki." Hilo la kupaki alilirudia mara nyingi. Alikuwa ameuza vipuri Kariakoo maisha yake yote, na alijua maana ya mteja kuzunguka mtaa mara tatu, kukosa nafasi na kuondoka.

Nikaenda saiti na tepu. Kiwanja kilikuwa na ukuta wa matofali mbele, umejengwa na marehemu kaka yake zamani, eneo likiwa bado na michungwa. Nikapima kuanzia ukuta huo hadi nyuma: mita 44.50. Nikaandika. Bikoni, ile nguzo fupi ya zege ambayo mpima huifukia kwenye kona ya mpaka, sikuitafuta. Nyasi zilikuwa ndefu, jua lilikuwa kali, na ukuta ulikuwa pale umesimama, unaonekana, wa kuaminika. Nilirudi ofisini na mita zangu 44.50.

Kutoka ukutani hadi uso wa jengo nikaacha mita 11. Nilijivunia hizo 11: mita 5 za gari, mita 6 za njia, hakuna sentimita iliyopotea. Kiwanja kilikuwa na upana wa mita 28. Nikatoa geti, nikapata nafasi 9 za wateja, zote mbele ya maduka, kama mzee alivyotaka. Ubavuni nikaacha kichochoro cha mita 3, nyuma nikaacha mita 6, nikaweka hapo shimo la maji taka kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine na sehemu hiyo. Kibali cha ujenzi kilitoka. Jengo likapanda. Duka kubwa la vyakula likachukua sakafu yote ya chini, na lilichukua kwa sababu ya zile nafasi 9.

Mwaka uliofuata barabara ikaja kuwekwa lami na mitaro. Asubuhi moja mzee akanipigia simu, sauti yake ya kawaida kabisa: "Mwanangu, njoo uone ukuta."

Nilikuta ukutani X tatu nyekundu, alama ya kubomolewa, rangi bado mbichi imechuruzika hadi chini. Kijana wa upimaji alikuwa amechimba kwenye ua, ndani ya kiwanja, kando ya nafasi ya gari nambari 3 niliyoichora mimi, na ndani ya shimo dogo lenye kina cha goti kulikuwa na bikoni. Zege, na chuma chake katikati. Ilikuwa mita 4 na nusu kutoka ukutani, kuelekea ndani. Mzee alinyoosha ile bahasha ya kaki. Nikatoa ramani ya upimaji, nikausoma ubavu wa kiwanja: mita 40.00. Nyuma yake kulikuwa na mchoro wangu: 44.50. Karatasi hizo mbili zilikuwa zimebanwa na pini moja tangu siku ya kwanza. Mwandiko wa ile namba ya pili ulikuwa wangu.

Mnaona kilichotokea? Jengo lenyewe lilisalimika, kwa sababu lilibaki na mita 6.5 kutoka mpaka halisi. Kilichokufa ni maegesho. Kwenye mita 6.5 huwezi kupaki pembe mraba. Gari likitoka linarudi nyuma moja kwa moja barabarani, na halmashauri haikubali, na haipaswi kukubali. Tukachora upya: magari yapaki sambamba na barabara, njia ya kwenda upande mmoja, geti la kuingilia na la kutokea. Nafasi 9 zikawa 3.

Nikakimbilia nyuma. Kuzitumia zile mita 6 kulimaanisha kuhamisha shimo la maji taka, kwa pesa ya mzee, na tukapata nafasi 4 za wapangaji wanaotoka kinyumenyume kwenye kichochoro cha mita 3. Nilichokiita nafasi ya hewa kwenye mchoro, watu walikuwa wanakipitia huku wamekunja vioo vya pembeni. Duka la vyakula lilivumilia miezi mitatu, likahama. Sakafu ya chini ikakaa wazi miezi 8, kisha ikakatwakatwa kuwa vyumba vidogo vya maduka kwa kodi ndogo.

Mzee hakunigombeza hata siku moja. Siku ile ya X alichouliza ni hiki tu: "Sasa wateja watapaki wapi, mwanangu?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo nikipita mtaa ule naangalia kwanza chini, mbele ya maduka, kuhesabu magari.

Kwa hiyo: nenda na panga, nenda na jembe, nenda na mpima aliyesajiliwa kama bikoni hazionekani. Linganisha kila ubavu na ramani ya upimaji kabla hujachora mstari wa kwanza. Namba zikipishana, simamisha kazi hapo hapo, hata mteja akikasirika.

3. Barabara nayo ina kiwanja chake.

Kama uko kando ya barabara kuu au ya mkoa, kumbukeni kwamba Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipeleka hifadhi ya barabara hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, badala ya 22.5 za zamani. Hati ya miaka ya nyuma haitawaambia hivyo. Ndiyo maana mitaani mnaona X za aina mbili: nyekundu ni ya aliyeifuata barabara, yaani aliyejenga ndani ya hifadhi, kijani ni ya aliyefuatwa na barabara, yaani hifadhi ilipanuliwa ikamkuta, na huyu wa pili ndiye mwenye haki ya fidia. Mkumbuke bomoabomoa ya Kimara mwaka 2017, kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Na ule ukanda wa kupaki pembeni mwa lami ambako watu wanatozwa ushuru wa maegesho, usiuhesabu kwenye jedwali lako. Si wako wala si wa mteja wako.

4. Nguzo zichorwe pamoja na magari.

Magari matatu yanataka mita 7.5 safi kati ya uso wa nguzo na uso wa nguzo. Mhandisi akikuletea nguzo za sentimita 40 kila baada ya mita 6, katikati hadi katikati, unabaki na mita 5.6, magari mawili na uwazi wa sentimita 60 usiotosha hata bajaji. Muwahi mapema.

5. Geti lirudi ndani.

Mlinzi anaandika namba za magari kwenye daftari, kalamu imegoma, anaikung'uta, na nyuma gari la pili na la tatu yamesimama katikati ya barabara. Mpe urefu wa gari moja kati ya mpaka na geti, mbili kama kiwanja kinaruhusu.

6. Magari ambayo hamyachori.

Jedwali linahesabu magari madogo, nanyi mnachora magari madogo. Fuso la mzigo liko wapi? Gari la zimamoto litapita wapi, au njia yake ndiyo mliyoipanga magari 6 ya ofisi? Na gari la kunyonya maji taka?

Hili la mwisho lina kisa. Jengo moja nililokwenda kukagua lilikuwa na mfuniko wa chemba katikati kabisa ya nafasi bora ya maegesho, ile yenye kivuli. Bosi wa kampuni ya ghorofa ya pili alikuwa anapaki hapo kila siku saa 1 asubuhi na kuondoka jioni. Chemba ikajaa siku ambayo bosi amesafiri na funguo. Dereva wa gari la kunyonya alikaa chini ya mwembe akila mihogo, bomba limelala pevingi nzima kama chatu, maji yanaanza kutoka kwenye mfuniko, na mama lishe aliyekuwa jirani anahamisha sufuria zake mikononi huku analia kwa hasira. Yule aliyechora hakuwepo. Hakuna anayechora ambaye huwepo siku hiyo. Nilimsaidia mama kubeba jiko, na kuanzia pale kila mchoro unaopita mezani kwangu lazima uoneshe duara la bluu la chemba na mahali gari lake litakaposimama. Mkisahau duara la bluu, narudisha bila kusoma mengine.

7. Wateja wengi hawaji na gari.

Msichukue Mlimani City, na uwanja wake mpana wa maegesho, mkaihamishia Kariakoo. Kariakoo mteja anashuka mwendokasi, mzigo unaondoka kwa guta, mkokoteni au kirikuu. Na duka lolote la Dar lenye wateja lina bodaboda na bajaji mlangoni, uziwekee nafasi au usiziwekee. Usipoziwekea zitajiwekea zenyewe, juu ya njia ya waenda kwa miguu, na aliye kwenye kiti cha magurudumu atashuka barabarani pamoja na magari. Mita 1 kwa 2 inatosha pikipiki moja. Nafasi ya mwenye ulemavu iwe na upana wa mita 3.6, karibu na mlango, na rampu yake isizidi mwinuko wa 1 kwa 12. Simameni nje ya jengo linalofanana na lenu saa 11 jioni, hesabuni kinachokuja, ndipo mchore.

Sasa ninyi wawili wa Jumatatu. Mchoro wenu uko mezani kwangu, miti nimeipenda kweli. Keshokutwa Jumamosi saa 1 asubuhi tukutane saiti, kabla jua halijawa kali. Njooni na ramani ya upimaji, siyo nakala ya simu, na tepu ya mita 50. Bikoni mbili za nyuma nimeziona jana. Ya mbele upande wa kushoto nadhani iko chini ya ule mlima wa kifusi cha jirani, kwa hiyo jembe nitaleta mimi, panga aje nalo mmoja wenu.