Kabla hujaandika "yalikuwa majaliwa": kwa mnaoanza somo la tanzia ya Kigiriki

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, nimetoka kusahihisha insha zenu za Oedipus, tamthilia ya Sophocles kuhusu mfalme wa Thebes. Karibu zote zinaanza vilevile: "Oedipus alikuwa ameshaandikiwa." Wa mwaka jana waliandika hivyohivyo. Tamthilia hii naipenda mno kuiacha izikwe na sentensi moja, kwa hiyo nisikilizeni.

1. Someni tamthilia yenyewe, si muhtasari. Kwa sauti, na korasi, yaani sehemu za kundi la waimbaji, msiziruke.

2. Tenganisheni kilichotabiriwa na kinachotendeka jukwaani. Utabiri wa Delphi, hekalu la mungu Apollo, ulisema Oedipus atamuua baba yake na kumwoa mama yake. Sophocles anapofungua tamthilia, hayo yamepita zamani. Tunachokitazama ni uchunguzi, na huo hakuna aliyemtabiria. Nabii Teiresias hataki kusema, Jocasta, mkewe ambaye kumbe ni mama yake, anamsihi aache, mchungaji mzee anayejua siri ya kuzaliwa kwake anamwomba kwa jina la miungu asiulize zaidi. Jamaa anauliza tu! Hata macho aliyojitoboa, anasema mwenyewe: mateso yameletwa na Apollo, lakini mkono uliotoboa ni wake.

3. Sadfa. Hapa ndipo mnapoteleza wengi, na mimi sina haraka hapa. Mchukueni yule mzee wa Korintho. Hakuna aliyemwita. Kaja na habari kwamba Polybus, mfalme wa Korintho ambaye Oedipus anamdhani baba yake, amefariki na watu wa kwao wanamtaka Oedipus awe mfalme, na hafichi kwamba anatumaini kupata chochote. Jocasta anashangilia: utabiri umeanguka, maisha ya binadamu yanaendeshwa na bahati, basi mtu aishi awezavyo. Oedipus bado anaogopa ile sehemu ya kumwoa mama, akimdhani ni mke wa Polybus. Mzee, kwa wema kabisa, anamtuliza: usihofu, Polybus hakuwa baba yako, mimi nilikupokea ukiwa mtoto mchanga, mlimani Kithairon, kutoka kwa mchungaji wa Laius, mfalme wa Thebes wa zamani na mume wa kwanza wa Jocasta. Na mchungaji huyo ndiye yuleyule aliyenusurika Laius alipouawa kwenye njia panda!

Kuna aliyeipitia sehemu hii yote kwa neno moja: "majaliwa". Ndugu yangu, na ile tamaa ya zawadi umeiweka wapi? Na huruma ya mchungaji aliyeagizwa kumtupa mtoto akashindwa kumwacha afe? Kila hatua ina sababu yake ya kibinadamu, inayoeleweka kabisa, na zote kwa pamoja zinafika palepale Delphi ilipopataja. Wengine nao wanasema ni sadfa tupu, wamesahau kwamba mzee anaingia mara tu Jocasta anapomaliza kumwomba Apollo. Mwanafalsafa Aristotle, katika kitabu chake cha Poetics, aliliona hili: anataja sanamu ya Mitys kule Argos iliyomwangukia muuaji wa Mitys mwenyewe. Ajali, lakini ajali inayoonekana kama imekusudiwa, ndiyo inayotushangaza zaidi.

4. Msichukue jibu la Oedipus mkalibandika kila mahali. Katika Hippolytus ya Euripides, ya mwaka 428 KK, Aphrodite, mungu wa kike wa mapenzi, anatangaza mwanzoni kabisa mpango wake wa kumwangamiza Hippolytus. Katika Antigone, ya Sophocles pia, mfalme Creon amemfungia Antigone pangoni akiwa hai kwa kosa la kumzika kaka yake; korasi inamwambia amtoe msichana kwanza, maiti ya kaka aizike baadaye. Yeye akaanza na maiti. Alipofika pangoni, Antigone ameshajinyonga. Hapo mnamlaumu nani?

5. Mkinukuu, wekeni namba za mistari.

Kwa semina ijayo, kila mmoja aje na orodha ya wanaoingia jukwaani katika Oedipus: nani kamwita, na mwenyewe anataka nini. Neno "majaliwa" lisiwemo.