Nina Canon 250D na fedha ya lenzi moja. Nianze na ipi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Tanga. Nina Canon EOS 250D na lenzi yake ya 18-55 iliyokuja nayo. Napiga picha za wanangu, shughuli za ndugu (akdi, maulidi, kumtoa mtoto nje), matembezi na michezo ya shule. Mchana picha zinatoka vizuri, lakini jioni ndani ya nyumba watoto wanatoka wamefifia kama wamepigwa nyuma ya pazia. Mwalimu mwenzangu ananiuzia 75-300 kwa bei nzuri. Fundi wa studio ameniambia nichukue 50mm. Kaka yangu anasema niuze hii niliyonayo, ninunue 18-200 moja, niachane na habari ya kubadilisha lenzi. Fedha niliyonayo ni ya lenzi moja, na nyingine Mungu akijalia mwishoni mwa mwaka. Nipange vipi?

JIBU: Mwalimu, nianze na jibu, maelezo yafuate. 18-55 usiiuze. Sasa hivi nunua EF 50mm f/1.8 STM (STM ni aina ya mota ya fokasi, yaani ya kulenga). Mwishoni mwa mwaka nunua EF-S 55-250mm f/4-5.6 IS STM, na ile 75-300 mwachie mwenzako kwa heshima. Utakuwa na lenzi tatu ambazo ukizipima pamoja na kamera yenyewe hazifiki kilo moja na robo, na kwa shughuli ulizozitaja zitakutosha kwa miaka.

Watu wengi wakija kwangu kuulizia lenzi huanza na "inavuta mpaka wapi?" Mimi huwauliza mambo mawili kwanza: unapopiga, mwanga ni kiasi gani, na una nafasi gani ya kurudi nyuma? Ukishajibu hayo, orodha ya lenzi hujifupisha yenyewe.

Tuchukue sebule yako saa moja jioni, taa moja tu darini. Ukivuta 18-55 mpaka mwisho, yaani milimita 55 ambako kitu huonekana karibu zaidi, tundu lake kubwa kabisa la kupitishia mwanga ni f/5.6. Kwa ISO 3200 (ISO ni wepesi wa kamera kuupokea mwanga) kamera itakuomba shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, ya 1/15 ya sekunde au jirani na hapo, na mtoto wa miaka mitano hatulii muda wote huo. Ile IS iliyoandikwa kwenye lenzi hutuliza mkono wako, haimtulizi mtoto. Ndilo pazia unaloliona.

Sasa weka 50mm, ambayo hufunguka hadi f/1.8. Namba hizi huenda kinyume: ikipungua namba, tundu limepanuka. Na kwa kuwa mwanga hufuata eneo la tundu, gawanya 5.6 kwa 1.8, kisha jibu ulizidishe kwa lenyewe. Utapata karibu mara 10. Ile 1/15 inakuwa 1/150 hivi, kwa ISO ileile na taa ileile. Hakuna kifaa kingine cha bei hiyo kitakachozibadilisha picha zako za jioni namna hii. Ikifunguliwa yote picha huwa laini kidogo, haitoki kali sana, kwa hiyo mimi huirudisha f/2.2, ambako bado unabaki na mwanga zaidi ya mara sita ya ule wa mwanzo.

Lipo la kuzoea. Ukisimama mita 2 kutoka kwa mtu, kwa f/1.8, sehemu itakayotoka kali kutoka mbele hadi nyuma ni kama sentimita 11. Ukilenga jicho, jicho litatoka vizuri na sikio litakuwa limeanza kuyeyuka. Usiiachie kamera ikuchagulie pa kulenga. Tumia nukta moja, uiweke kwenye jicho lililo karibu nawe. Picha ya ukoo mzima iliyopangwa safu mbili irudishie 18-55 yako, f/5.6 au f/8, nje, kabla jua halijazama.

Hapa ndipo fundi wako wa studio, ambaye ushauri wake ni mzuri, ameacha jambo. Sensa ya 250D ni milimita 22.3 kwa 14.9, wakati fremu ya filamu tuliyoizoea zamani ilikuwa 36 kwa 24. Kwa hiyo 50mm kwenye kamera yako huona eneo jembamba, kama 80mm ilivyoona kwenye filamu. Studio ina nafasi. Sebule ina kuta. Simama mita 3 kutoka kwenye kochi: 50mm itakuonyesha upana wa mita 1 na sentimita 34. Hao ni watu wawili waliokaa karibu karibu, wa tatu yuko nje. Mtu aliyesimama, kuanzia kofia hadi kiatu, atakutaka urudi zaidi ya mita 4 hata kamera ukiigeuza wima. Kwa 24mm, palepale kwenye mita 3, unaona upana wa mita 2 na sentimita 79, yaani kochi zima.

Hili nililijua kwa gharama ambayo bado inaniuma. Miaka yangu ya mwanzo nilikwenda kupiga akdi kwenye nyumba moja Magomeni nikiwa na 50mm peke yake, maana picha zake za mwanga hafifu zilikuwa zimenikolea. Sebule ilijaa wanaume hadi mlangoni. Bwana harusi na baba wa binti wakashikana mikono, shekhe akaanza, na mimi mgongo umegota kwenye mlango sina hata hatua moja ya kurudi. Nilipata uso wa bwana harusi na mikono miwili iliyoshikana. Mzee alikatika begani. Alifariki baadaye, na kwenye albamu ya binti yake, dakika ile ya kumwozesha, baba ni mkono tu. Tangu siku hiyo siingii kwenye shughuli bila lenzi pana begani.

Kwa hiyo kabla hujatoa fedha, fanya jaribio ambalo halikugharimu kitu. Vuta 18-55 mpaka 55, bandika selotepu kwenye pete isizunguke, upige hivyo siku tatu mfululizo nyumbani na kwa ndugu. Mwanga hautaongezeka, lakini utajua kama kuta zako zinakuruhusu. Siku tatu nyingine iweke kwenye 24, ubandike tena. Halafu fungua kwenye kompyuta picha unazozipenda za mwaka huu na uangalie taarifa za faili: kila moja imeandikwa ilipigwa kwa milimita ngapi. Zikikusanyika kwenye 18 na 24, na siku za selotepu ya 55 ukawa unagonga ukuta kila mara, geuza ushauri wangu: anza na EF-S 24mm f/2.8 STM. Ni nyembamba, unene wa milimita 22.8, uzito gramu 125, na hukaribia kitu hadi sentimita 16, kwa hiyo sahani ya biriani utaipiga ukiwa umekaa mezani. Ukubali tu kwamba mwanga wake ni asilimia 40 hivi ya mwanga wa 50mm.

Sasa hiyo 75-300. Mwenzako hana nia mbaya, lenzi hiyo imeuzwa sana pamoja na kamera za wanaoanza na nyingi zinalala makabatini. Shida ni kwamba zilizozagaa hazina IS. Kwenye 300, kamera yako inaona kama 480mm, na pumzi yako tu inatosha kuitikisa picha. Huko mwisho pia picha zake huwa laini, rangi zimepauka. 55-250 STM ina IS, fokasi yake ni ya kimya, na uzito wake ni gramu 375 dhidi ya 480. Milimita 50 unazozipoteza utazifidia kwa kukata kingo za picha, na bado itatoka kali zaidi. Zipo 55-250 za zamani zisizo na neno STM, hizo ziache.

Uwanjani lenzi hii itakufurahisha. Jua la saa nne asubuhi, f/5.6, ISO 100, unapata shata ya 1/800. Pandisha ISO hadi 200 na una 1/1600, ambayo hukamata mtoto akiwa hewani kwenye mruko wa chini huku mchanga umesimama nyuma ya visigino vyake. Siku ukienda mbuga ya Saadani, ndiyo hiyohiyo. Usiitegemee tu ukumbini usiku, kwa sababu f/5.6 yake ni ileile iliyokusumbua sebuleni.

18-200 ya kaka yako inamfaa anayesafiri kwenye vumbi na hawezi kufungua kamera njiani. Kwako haitatui kitu: ukivuta ni f/5.6 tena, na utabeba gramu 595 shingoni siku nzima ya shughuli. Lenzi pana sana kama 10-18 nayo isubiri. Kwa mapango ya Amboni na safari ya Lushoto, 18 uliyonayo inatosha, na pangoni utahitaji stendi ya miguu mitatu kuliko lenzi mpya.

Ukifika dukani, soma herufi mbili za mwanzo kabla ya namba. Kamera yako inapokea EF na EF-S. Canon walianzisha mfumo mwingine wa kufungia lenzi, RF, mwaka 2018, na ipo RF 50mm f/1.8 STM ambayo jina lake linafanana kabisa na hii ninayokuambia. Haingii kwenye 250D, na hakuna adapta itakayoisaidia. Kinyume chake kinawezekana: siku ukihamia kamera ya RF, lenzi zako za EF zitaingia kwa adapta na fokasi itaendelea kufanya kazi. Ndiyo maana sioni hasara kununua EF leo, tena kwa kuwa wengi wanahama, zilizotumika zimejaa sokoni.

Ukinunua iliyotumika, nenda na kamera yako na tochi ya simu. Vua vifuniko vyote viwili, washa tochi upande mmoja, tazama kwa upande wa pili huku ukiigeuza taratibu. Vumbi kidogo lisikutishe. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama utando wa buibui au mizizi midogo kwenye kioo cha ndani. Hiyo ni fangasi, na kwa bei ya lenzi hizi kuisafisha hakulipi. Mkwaruzo mdogo kioo cha mbele unavumilika, wa kioo cha nyuma uogope. Kisha ifunge kwenye kamera, piga picha ya ukuta wa matofali ukiwa umeukabili sawasawa, uangalie pembe zote nne kwenye skrini. Pembe moja ikiwa na ukungu na tatu ziko kali, lenzi imewahi kuanguka. Muuzaji akikukatalia kuijaribu, mshukuru uondoke.

Na kama utafikiria flashi badala ya lenzi, ambalo ni wazo zuri kwa kumbi zenye dari nyeupe, angalia kiti cha flashi juu ya 250D: hakina nukta ya katikati. Flashi nyingi za bei nafuu hutegemea nukta hiyo ili ziwake, na wapo walionunua wakarudi nyumbani wakadhani kamera imekufa. Chukua iliyotengenezwa kwa ajili ya Canon, na uione ikiwaka juu ya kamera yako mwenyewe kabla ya kulipa.

Mwisho ni unyevu, maana wewe uko Tanga na mimi niko Dar es Salaam, sote tunakaa na bahari. Fangasi hupenda giza, joto na hewa isiyotembea, yaani begi la kamera lililofungwa kabatini tangu Idi hadi Idi. Nunua chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, uweke lenzi humo bila begi, pamoja na vifuko vya silika jeli. Tafuta ile ya rangi ya chungwa inayogeuka kijani ikishashiba maji. Ikigeuka, ikaushe kwa moto mdogo kwenye sufuria ambayo hupikii chakula mpaka chungwa lirudi, iache ipoe, uirudishe chomboni. Na kila wiki toa lenzi zote tatu, hata kama huna shughuli, uwapige picha wanao.