Njiti ya kiberiti haipimi asali: majibu ya maswali yenu, Tanga

Dada wa Makorora: Nimenunua asali, nikachovya njiti ya kiberiti ikawaka. Si ndo orijino hiyo?

Hapana dada yangu, na hili swali linakuja kila mara. Njiti ikiwaka maana yake asali haina maji mengi, basi, mtu akipika sukari guru ikawa nzito vizuri njiti itawaka vilevile. Ya kudondoshea kwenye glasi ya maji nayo hivyohivyo, ikizama bila kutawanyika ujue ni nzito, ila haikwambii imetoka kwenye mzinga au kwenye sufuria. Na sisimizi wanafata utamu, asali halisi wanaila tu. Sukari ya miwa inanaswa maabara, wanapima kaboni yake, maana ya miwa na mahindi inatofautiana kidogo na ya maua mengi wanayoendea nyuki. Kwahiyo nyumbani usihangaike na kiberiti, tafuta mrina unayemjua, muulize karina lini na wapi.

Kijana wa Handeni: Mteja kapima asali ya ndoo yangu akasema maji asilimia 23, kaikataa. Kanionea?

Hajakuonea mdogo wangu. Kiwango cha kimataifa kwa asali ya kawaida ni maji yasiyozidi asilimia 20, yakizidi hapo chachu zilizomo zinaamka, unaona povu juu, kifuniko kinavimba, na ukionja inauma ulimi. Mara nyingi shida inaanzia kwenye kurina masega mabichi, subiri nyuki wazibe kwa nta angalau robo tatu ya sega ndo ukate. Alafu asali inavuta maji kutoka hewani, na hewa yetu ya huku pwani imejaa unyevu, ukishusha ndoo mjini ukaiacha wazi usiku kucha umeiharibu mwenyewe, kwahiyo chuja haraka ufunike kabisa.

Ukiweza nunua refraktomita ya asali, kidude kidogo cha mkononi: unaweka tone moja kwenye kioo, unafunika, unaelekeza kwenye mwanga, unasoma pale rangi mbili zinapokutana. Chukua ile inayorekebisha joto yenyewe, kwasababu imepangwa kwa nyuzi 20 na kwa joto letu la 30 isiyorekebisha itakuonyesha maji mengi kuliko yaliyopo.

Na tafadhali usiichemshe ili maji yapungue! Moto unaua vimeng'enya, alafu unapandisha kitu kinaitwa HMF, kinachotokea sukari ya asali ikipata joto. Mwisho wake ni miligramu 40 kwa kilo, nchi za joto kama yetu tunaruhusiwa 80. Hata dumu lililokaa juani miezi linapanda, kwahiyo kuona asali imepangwa barabarani kwenye jua kali inaniuma sana.

Baba wa Lushoto: Asali imeganda, chini kama sukari. Nimepigwa?

Sio lazima, mzee wangu. Glukosi ikiwa nyingi inaganda, na baridi ya huko kwenu inaharakisha. Weka chupa kwenye maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, itayeyuka taratibu.

Msomaji wa Muheza: Asali ya nyuki wadogo wasiouma ni nyepesi na ina uchachu, imeharibika?

Ndo ilivyo hiyo. Maji yake mara nyingi yanapita asilimia 25, kile kiwango cha 20 hakiihusu. Iweke kwenye friji.

Mama wa Chumbageni: Mwanangu ana miezi 8 anakohoa, bibi yake anataka alambishwe asali mbichi.

Usimpe mama, nakuomba, na bibi mwambie kwa heshima. Asali hata iwe safi vipi inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, tumbo la mtoto chini ya mwaka mmoja haliwezi kuwazuia na sumu yao inalegeza misuli mpaka ya kupumua. Hakuna kipimo cha nyumbani cha kuziona, na kuipasha moto jikoni hakuziui. Mpeleke kliniki wamsikilize kifua.